Mbeere: Dawa pekee haitoshi kumwokoa mama anayejifungua

Mama anapovuja damu kupita kiasi baada ya kujifungua, maisha yake huhesabiwa kwa dakika. Sindano ya kukaza mji wa uzazi yaweza kumwokoa. Lakini ili sindano hiyo ipatikane Siakago usiku wa manane, sharti iwe iliagizwa miezi kadhaa awali, ikasafirishwa kutoka Nairobi na kuhifadhiwa penye baridi. Sharti pia awepo muuguzi au mkunga mwenye ujuzi wa kuitumia.

Ni mnyororo mmoja. Kiungo kimoja kikikatika, vingine vyote havina faida.

Siakago ulikuwa makao makuu ya Wilaya ya Mbeere, iliyomegwa kutoka Embu mwaka wa 1996. Leo mji huo umo katika kaunti ndogo ya Mbeere Kaskazini, Kaunti ya Embu. Ni eneo kame la nyanda za chini za Mlima Kenya, ambako wakazi hutegemea ndengu, mtama na muguka. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 108,881 katika kaunti hiyo ndogo.

Mjamzito wa huko kwa kawaida huanzia zahanati ya kijijini. Akihitaji huduma zaidi hupelekwa hospitali ya Level 4 ya Siakago au ile ya Ishiara, na hali ikiwa mbaya hupewa rufaa hadi hospitali ya Level 5 mjini Embu.

Wanawake wameitikia wito wa kujifungulia mikononi mwa wataalamu. Uchunguzi wa kitaifa wa 2008-09 ulionyesha kuwa asilimia 44 ya uzazi nchini ulisimamiwa na wahudumu wenye ujuzi. Kiwango hicho kilifika asilimia 62 mwaka wa 2014, na asilimia 89 mwaka wa 2022.

Hata hivyo, sensa ya 2019 ilikadiria vifo 355 vya kina mama kwa kila watoto 100,000 wanaozaliwa hai. Lengo la dunia ni kuvipunguza hadi chini ya 70 ifikapo 2030. Swali kuu basi si tena jinsi ya kumfikisha mama hospitalini pekee, bali atakachokuta akifika.

Jinsi dawa zinavyoagizwa

Tangu ugatuzi uanze mwaka wa 2013, zahanati na hospitali nyingi za umma zimo chini ya serikali za kaunti. Kila kituo huhesabu dawa kilizotumia na zilizobaki, kisha maagizo hujumlishwa na kupelekwa kwa Mamlaka ya Kusambaza Dawa Nchini (KEMSA), shirika lililoundwa mwaka wa 2000. Shirika la MEDS, lililoanzishwa na makanisa mwaka wa 1986, pia huuza dawa kwa vituo vya afya.

Hesabu hiyo ina mtego. Kituo kilichokaa mwezi mzima bila dawa fulani kitaandika kwamba matumizi yalikuwa sufuri. Karani asiyeuliza sababu ataagiza kidogo zaidi, na upungufu wa mwezi mmoja utazaa mwingine. Ndiyo maana siku ambazo dawa ilikosekana zinafaa kurekodiwa sawa na siku ilipotumika.

Mtego wa pili ni madeni. Kaunti zinapochelewa kupokea mgao wao kutoka Hazina ya Kitaifa, nazo huchelewa kuwalipa wauzaji, na maagizo mapya hukwama.

Joto ni adui

Oksitosini, dawa inayotumiwa zaidi kuzuia kuvuja damu, huhifadhiwa kwenye nyuzi 2 hadi 8. Katika eneo lenye joto kama Mbeere, stima ikipotea kwa muda mrefu dawa hupungua nguvu ilhali chupa yake haionyeshi tofauti yoyote. Muuguzi huchoma sindano akidhani anatibu.

Mnamo 2019 Shirika la Afya Duniani (WHO) liliingiza katika orodha ya dawa muhimu aina ya kabetosini inayostahimili joto. Dawa hiyo inapunguza tatizo hilo, lakini jokofu bado linahitajika kwa chanjo na damu. Embu ina kituo cha kanda cha kukusanya na kusambaza damu. Faida yake kwa Siakago hutegemea gari, barabara na jokofu linalofanya kazi.

Wahudumu na zamu zao

Utafiti wa E-MOTIVE, uliochapishwa mwaka wa 2023 baada ya kufanywa katika hospitali za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, unaonyesha nguvu ya kuunganisha vifaa na ujuzi. Wahudumu walipima damu kwa karatasi maalumu ya plastiki na kuanza matibabu yote kwa pamoja papo hapo. Visa vya kuvuja damu kwingi vilipungua kwa asilimia 60.

Ujuzi huo hauna maana pasipo na mtu zamuni. Katika zahanati yenye muuguzi mmoja, ndiye anayechanja watoto, kupima wajawazito, kutoa huduma za upangaji uzazi na kuzalisha. Akimsindikiza mgonjwa wa rufaa, kituo hubaki bila mtaalamu. Upasuaji nao huhitaji daktari, mtaalamu wa nusukaputi na muuguzi wa chumba cha upasuaji kwa wakati mmoja.

Mgomo wa wauguzi wa Juni hadi Novemba 2017, na ule wa madaktari wa siku 56 mwaka wa 2024, ilidhihirisha kwamba ghala lililojaa haliwezi kuchukua nafasi ya mhudumu.

Fedha

Serikali iliondoa ada za kujifungua katika vituo vya umma Juni 2013. Mpango huo ulihamishiwa bima ya NHIF kwa jina la Linda Mama, kisha Oktoba 2024 Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) ikachukua nafasi ya NHIF na mpango ukaitwa Linda Jamii. Sheria ya 2023 inaruhusu hospitali za umma kubaki na mapato yake, hivyo malipo yakifika kwa wakati zaweza kununua glavu na dawa bila kungoja.

Bidhaa za upangaji uzazi zimetegemea mno wafadhili. Marekani iliposimamisha misaada yake Januari 2025, udhaifu wa utegemezi huo ulionekana wazi.

Kwa kaunti, vipimo vya kufuatilia ni vichache na rahisi: siku ambazo oksitosini ilikosekana, zamu za usiku zisizo na mkunga, na dakika zinazopita tangu ambulensi iitwe hadi ifike. Vikisomwa pamoja kila mwezi, vitaonyesha mnyororo unakatikia wapi kabla ya mama kupoteza maisha.