Nchi Kama Kumbukumbu: Kisakale cha Nkongolo na Kalala Ilunga katika Mandhari ya Waluba

1. Utangulizi

Masimulizi ya asili ya dola ya Waluba yaliandikwa mara nyingi katika karne ya 20. Padri Colle aliyaweka katika kitabu chake cha mwaka 1913. Verhulpen, mtumishi wa serikali ya kikoloni, aliyarudia mwaka 1936. Wamisionari Burton na Womersley waliyaandika tena mwaka 1961 na mwaka 1984. Kwa njia hiyo yaliingia katika vitabu, na kutoka vitabuni yakafika katika madarasa ya Lubumbashi. Lakini Lubumbashi iko zaidi ya kilomita 500 kutoka Kabongo na ziwa Boya, na msomaji wa mjini huyapokea masimulizi hayo kana kwamba yalitukia popote pale. Makala hii inakusudia kuyarudisha mahali pake, na kuonyesha kwamba mahali ni sehemu ya maana yenyewe.

2. Kisakale na ardhi yake

Kwa ufupi, kisakale husimulia hivi. Nkongolo Mwamba, mfalme mwekundu, alitawala kutoka Mwibele, karibu na ziwa Boya. Jina lake ni jina la upinde wa mvua, ambao katika mawazo ya Waluba ni nyoka anayezuia mvua. Alikuwa mkali na mlevi, alikula na kunywa hadharani, na inasemwa kwamba alimzika mama yake akiwa hai kwa sababu ya kicheko. Kisha akatokea mwindaji kutoka mashariki, Mbidi Kiluwe. Dada za Nkongolo, Bulanda na Mabela, walikiona kivuli chake ndani ya maji kabla ya kumwona mwenyewe. Mbidi alikuwa mtu wa adabu, asiyekula mbele ya watu. Bulanda alimzalia mwana, Kalala Ilunga, naye Mbidi akarudi kwao.

Kalala alipokua na kumshinda mjomba wake katika michezo na vita, Nkongolo alichimba shimo, akalisimika mikuki, akalifunika kwa mkeka, kisha akamwalika kijana aje kucheza ngoma juu yake. Kalala alionywa, akakimbilia mashariki ng'ambo ya mto. Nkongolo alijaribu kujenga njia ya mawe ili amfuate, lakini mto ulimshinda. Kwa msaada wa mganga Mijibu wa Kalenga, Kalala alirudi na jeshi. Nkongolo alikimbilia katika mapango ya milima, akakamatwa na kukatwa kichwa. Inasimuliwa kwamba kichuguu cha udongo mwekundu kiliota juu ya kichwa chake. Kalala akajenga makao yake Munza, akawa mulopwe wa kwanza wa damu ya Mbidi.

Karibu kila tendo katika mkondo huu limewekewa alama ya nchi: ziwa, kijito, mto, pango, kichuguu. Luc de Heusch, katika kitabu chake cha mwaka 1972, alieleza kwamba uadui wa wafalme hawa wawili ni uadui wa kiangazi na masika. Maelezo hayo yana uzito, lakini alama hizo si fumbo tupu. Baadhi yake ni mahali panapojulikana, penye jina na walinzi.

3. Watunzaji wa kumbukumbu

Waluba walikuwa na vyombo vya kuhifadhi uhusiano huu. Chama cha Mbudye kilitumia lukasa, ubao unaotosha kushikwa mkononi, uliopambwa kwa shanga na kauri au kuchorwa alama. Msomaji wa lukasa hupitisha kidole juu ya ubao huku akisimulia: ushanga mmoja waweza kuwa mtu, mwingine ziwa, na safu ya shanga yaweza kuwa njia. Hivyo ubao ni orodha ya wafalme na ramani ya nchi kwa wakati mmoja.

Chombo cha pili kilikuwa nchi yenyewe. Mulopwe alipofariki, makao yake yaligeuka kuwa kitenta, yaani makao ya roho yake. Hapo alikaa mwanamke aliyeitwa Mwadi, ambaye roho ya mfalme ilimpanda, na aliyetunza masalio yake. Kwa hiyo nasaba ya wafalme ilisambaa juu ya ardhi, kitenta baada ya kitenta, hata msafiri aliyepita humo alikuwa akipita katika historia.

4. Mfano wa Uingereza

Jambo hili si la Waluba peke yao. Kitabu cha Kilatini kilichoandikwa Wales yapata mwaka 829 kinataja rundo la mawe lenye jiwe moja lililokanyagwa na mbwa wa mfalme Arthur. Watu wakilichukua, jiwe hurudi lenyewe mahali pake. Yapata mwaka 1136 Geoffrey wa Monmouth aliandika kwamba mawe ya Stonehenge yaliletwa na majitu kutoka Afrika hadi Ayalandi, na kwamba kutoka huko Merlin aliyahamishia Uingereza.

Hadithi hiyo ilionekana upuuzi mtupu. Hata hivyo mwaka 1923 ilithibitishwa kwamba sehemu ya mawe hayo ilitoka milima ya Preseli, magharibi mwa Wales, na mwaka 2024 watafiti walionyesha kwamba jiwe moja kubwa lilitoka kaskazini mwa Uskoti, umbali wa kilomita 700 na zaidi. Geoffrey hakuwa na habari hizo, na Afrika haikuhusika. Lakini kiini cha usemi wake, kwamba mawe yalitoka mbali, kilikuwa kweli. Kwa upande mwingine, watawa wa Glastonbury walipotangaza mwaka 1191 kwamba wamegundua kaburi la Arthur, kisakale kilitumika kuwapatia heshima na mahujaji. Simulizi la mahali, basi, laweza kuhifadhi jambo la kweli, na laweza pia kutumikia maslahi ya wanaolisimulia.

5. Ushahidi wa makaburi

Kwa Waluba, ushahidi wa ardhi umetoka hasa Sanga, kando ya ziwa Kisale, palipochimbuliwa na Nenquin na Hiernaux mwaka 1957 na 1958, na baadaye na Pierre de Maret katika miaka ya 1970. Makaburi ya bonde la Upemba yanaonyesha kwamba watu wameishi humo mfululizo kwa zaidi ya miaka elfu moja. Katika kaburi moja la zamani sana yalikutwa shoka la heshima na fuawe, vitu vilivyobaki kuwa alama za mamlaka na uhunzi hadi enzi za wafalme wa Waluba.

Kwa hiyo mamlaka hayakuletwa siku moja na mwindaji mmoja. Kisakale kimekusanya mabadiliko ya karne nyingi katika maisha ya mjomba na mpwa wake. Thomas Reefe alikuwa na haki, mwaka 1981, kuonya kwamba simulizi hili lisisomwe kama kumbukumbu za matukio kwa mpangilio wa miaka.

6. Mwenyeji na mgeni

Onyo hilo si la wanahistoria tu. Mwaka 1992 na 1993 watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Katanga kwa maelfu na maelfu, wengi wao wakiwa wamezaliwa humo. Familia nzima zilingoja gari la moshi katika vituo vya Likasi na Kolwezi. Neno lililowafukuza lilikuwa "wageni". Lakini Waluba wa Kasai husimulia kwamba wazee wao walitawanyika kutoka Nsanga a Lubangu, penye mti wenye alama, katika nchi ya Katanga. Na katika kisakale cha Waluba wa Katanga wenyewe, heshima ya ufalme inatoka kwa Mbidi Kiluwe, mgeni aliyepokewa, huku mwenyeji Nkongolo akiwa mfano wa ukatili.

Haifai kugeuza masimulizi hayo kuwa hati ya kumiliki ardhi, wala kwa upande huu wala kwa upande ule. Damu ya Kalala ni ya dada wa mwenyeji na ya mgeni kwa pamoja. Kisakale hakimpi yeyote kati yao nchi peke yake. Anayekitumia kumfukuza jirani amekisoma nusu.

7. Hitimisho

Tangu mwaka 2015 nchi hizi ziko katika mikoa tofauti: ziwa Boya na Kisale katika Haut-Lomami, Lubumbashi katika Haut-Katanga. Wajukuu wa walioandikwa kazi katika migodi ya shaba husikia habari za Kalala kwa Kiswahili, pengine bila jina la mto wala la kijiji. Kazi inayowangoja wanafunzi wa lugha na wa historia ni kukusanya majina ya mahali pamoja na masimulizi yake, kwa Kiluba na kwa Kiswahili, kutoka kwa wazee wa Kabongo, Bukama na Malemba-Nkulu, na kuandika kando ya kila simulizi ni nani aliyelisema, wapi, na kwa nani.