Nyumba kwa familia za wanajeshi wa zamani: Kenya iliwahi, lakini kwa nani?

1/ Hoja ya kusaidia familia za wanajeshi wastaafu wasio na uwezo kupata makao ikiletwa, hakosi mtu wa kusema, "Hayo ni ya Ulaya, huku serikali haiwezi." Hebu turudi nyuma kidogo. Hapa Kenya serikali ilishaweza, zaidi ya miaka 100 iliyopita.

2/ Mwaka ni 1919, vita vimeisha. Serikali ya kikoloni inaanzisha mpango wa kuwapa makao wanajeshi waliotoka vitani. Mashamba zaidi ya 1,000 yanagawanywa, mengine bure, mengine ya kununua. Lakini lazima uwe Mzungu.

3/ Ardhi ilitoka wapi? Nyingine ilimegwa kwa Wanandi. Kule Kericho, Wakipsigis walipoteza ekari kama 25,000 ili maafisa wa Kiingereza waliolemazwa na vita walime kitani. Mradi ukaanguka. Wenyewe hawakurudishiwa, baadaye pakawa mashamba ya chai.

4/ Na Mwafrika je? Wapagazi walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa magonjwa, sio risasi. Mishahara ya wengi waliokufa haikuwahi kufikia jamaa zao. Aliyerudi hai alikuta kipande kinamngoja avae shingoni. Mwaka wa 1928 wakawekewa sanamu Nairobi. Na pale kambi yao ilipokuwa, jina likabaki: Kariokor.

5/ Vita vya Pili, hadithi ni ile ile. Vijana wa KAR walipigana mpaka Burma. Baada ya vita, wanajeshi wa Uingereza wakaletwa na kusaidiwa kwa mikopo ya serikali kupata mashamba. Mwafrika akaambiwa arudi rizavu. Waruhiu Itote, aliyepigana Burma, baadaye aliingia msituni. Ndiye Jenerali China.

6/ Leo tuna sheria ya wanajeshi wastaafu, ya 2022. Kwa hivyo ukisikia mswada wa nyumba zao, usianze na picha za majengo. Anza na kifungu cha tafsiri. Nani anahesabiwa mwanajeshi mstaafu? Mjane yumo? Na yule mtoto asiye na karatasi za babake?

7/ Kwa sababu 1919 ardhi ilipatikana na pesa zilipatikana. Mpagazi alikosa tu kuandikwa, na familia yake ikakosa pamoja naye.