Nyatiti na chepkong: Ala za nyuzi zilizovuka mipaka

ERIKO Mukoyama, mzaliwa wa Tokyo, Japani, anatambulika kote kwa jina la Anyango. Hutajwa kuwa mwanamke wa kwanza kuifanya nyatiti kuwa kazi yake ya kudumu. Riziki yake ya muziki haikutoka kwa koto wala shamisen, ala za nyuzi za kwao, bali kwa ala ya Waluo wa Kenya.

Nyatiti ina nyuzi nane. Mpigaji huketi chini, akavaa njuga mguuni na pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu, ambayo huigonga kwenye ala ili kutoa mdundo. Kwa mila, ilikuwa ala ya wanaume pekee. Anyango alifunzwa katika kijiji kimoja cha Siaya na Okumu K'Orengo, mmoja wa mafundi wakongwe wa nyatiti, ambaye hatimaye alimruhusu kuipiga hadharani. Tangu hapo amepiga nyatiti Japani na Kenya, akiimba kwa Kijaluo.

Kabla yake, Mkenya Ayub Ogada alikuwa amesafiri na ala hiyohiyo kwenda ng'ambo. Ogada, aliyezaliwa Mombasa mwaka 1956 kwa jina la Job Seda, alihamia Uingereza mwaka 1986, akawa akipiga nyatiti katika vituo vya treni za chini ya ardhi jijini London. Kutoka huko aliingia katika tamasha za WOMAD, na mwaka 1993 akatoa albamu ya En Mana Kuoyo chini ya kampuni ya Real World. Wimbo wake Kothbiro ulisikika katika filamu ya The Constant Gardener ya mwaka 2005. Ogada alifariki mwaka 2019.

Katika ukanda wa chai wa Kericho na Bomet, uliko mji wa Mogogosiek, historia ilichukua mkondo mwingine. Wakipsigis nao wana ala ya nyuzi ya jamii moja na nyatiti, iitwayo chepkong. Mwaka 1950, mtafiti Hugh Tracey alifika Kapkatet akawarekodi wanamuziki wa huko. Miongoni mwa nyimbo alizonasa ni zile zinazojulikana kama Chemirocha, jina lililotokana na matamshi ya Kikipsigis ya Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani ambaye santuri zake zilikuwa zimefika vijijini. Wimbo mmoja, ulioimbwa na Chemutoi Ketienya na wasichana wenzake, ulipata mashabiki katika nchi nyingi.

Tofauti ni kwamba Anyango na Ogada walisafiri pamoja na ala zao, ilhali kutoka Kapkatet ilisafiri sauti tu. Waimbaji walibaki nyumbani, na ilipita miongo sita kabla ya rekodi hizo kurejeshwa rasmi. Maktaba ya Kimataifa ya Muziki wa Afrika, iliyoasisiwa na Tracey nchini Afrika Kusini mwaka 1954, ilishirikiana na Ketebul Music ya Nairobi kuwatafuta wanamuziki na jamaa zao. Kufikia mwaka 2015, nakala zilikuwa zimefikishwa vijijini, na Cheriyot arap Kuri, mmoja wa waliorekodiwa, alipatikana angali hai.

Mkulima wa Mogogosiek anaelewa vyema uzito wa suala hili. Majani yake ya chai hupimwa kituoni kabla ya kwenda kiwandani, kilo zikaandikwa kwa jina lake, na mwisho wa mwaka hungojea bonasi. Wimbo usioandikwa kwa jina la mwenyewe hauna mizani wala bonasi.

Kwa kijana wa leo anayejifunza chepkong, basi, ustadi wa vidole ni nusu tu ya kazi. Nusu ya pili ni kusajili utunzi wake, kutia saini mkataba anaouelewa, na kuhakikisha jina lake linaandamana na sauti yake kokote iendako.