Neno URUNDI juu ya stempu

Kabla ya Bujumbura kuitwa Bujumbura, ilikuwa Usumbura, kambi ya kijeshi ya Wajerumani iliyojengwa kando ya Ziwa Tanganyika mwishoni mwa karne ya 19. Barua zake zilibandikwa stempu zenye picha ya Hohenzollern, meli ya Kaisari, zilezile za Tanga na Dar es Salaam. Ya Usumbura hujulikana kwa muhuri wa posta tu, na muhuri huweza kughushiwa.

Juni 1916 Wabelgiji waliuteka mji. Chini ya Jenerali Charles Tombeur, stempu za Kongo ya Kibelgiji za 1915 zilipigwa chapa ya neno moja juu yake: RUANDA au URUNDI. Stempu ya Kongo ni ya kawaida. Neno hilo ndilo lenye thamani, na waghushi wamelipiga kwa wingi mno. Mkaguzi makini hupima herufi, huchunguza wino, kisha huuliza swali ninalolipenda kuliko yote: kipi kilitangulia, chapa au muhuri? Wino wa URUNDI ukiwa umelala juu ya wino wa muhuri, basi stempu ilisafiri kwanza kama ya Kongo, na jina la nchi yetu, Burundi, likaongezwa baadaye.

Chapa juu ya chapa ziliendelea: Ruanda-Urundi mwaka 1924, Ufalme wa Burundi 1962, kisha Jamhuri baada ya mapinduzi ya Novemba 1966.

Hukumu ya ipi ni halisi, hata hivyo, ilitolewa mbali. Chama cha stempu cha kifalme cha London kina kamati ya wakaguzi tangu 1894; New York ilipata taasisi yake mwaka 1945; Ujerumani, wakaguzi hupiga sahihi nyuma ya stempu. Sahihi nayo hughushiwa. Kwa hiyo mwenye stempu yenye cheti cha zamani huipeleka tena kwa mkaguzi mwingine, na huenda ikarudi bila thamani. Ni haki iwe hivyo, maana elimu ya wino imekua.

Wakusanyaji wa kadi za wanamichezo Marekani wamefika palepale. Kampuni ya PSA ilianza California mwaka 1991, ikitoa alama 1 hadi 10 na kuifungia kadi ndani ya plastiki. Asiyeridhika huipeleka kwa kampuni nyingine kama SGC au Beckett, akitaja alama asiyokubali kushuka chini yake. Isipofikiwa, kasha halivunjwi. Kadi ya kwanza kupewa alama na PSA, ya mchezaji wa besiboli Honus Wagner, ilipata 8. Mwaka 2013 mfanyabiashara Bill Mastro alikiri mahakamani kwamba alikuwa ameikata kingo.

Alama hizo hupima usafi. Mimi ningechagua stempu yenye jino lililochanika na muhuri wa Usumbura unaosomeka. Na ukikuta barua za babu sandukuni, katika mitaa ya Bujumbura kama Buyenzi au Bwiza, usiibandue stempu kwa maji. Iache juu ya bahasha. Reli kutoka Dar es Salaam ilifika Kigoma, kando ya ziwa hilohilo la Tanganyika, mwaka 1914, na barua iliyoshuka kwa ziwa hadi huko huenda ikabeba muhuri wa kila kituo ilichopitia, pamoja na tarehe yake.