Vyama vya wafanyakazi na kura za Uingereza

Msikilizaji mmoja ametuuliza: mwaka 2024 chama cha Labour cha Uingereza kilipataje viti 411 kati ya 650 vya bunge, wakati kura zake zilikuwa kama 34 tu katika kila 100? Jibu ni mfumo wenyewe, na sisi Tanzania tuliurithi kwa wabunge wetu wa majimbo.

Chukua jimbo lenye wagombea wanne. Mmoja kapata kura 34, wa pili 33, wa tatu 20, wa mwisho 13. Mwenye 34 anakwenda bungeni. Zile 66 haziendi popote. Mwaka huohuo chama cha Reform kilipata kura zaidi ya milioni 4 lakini viti 5 tu. Liberal Democrats, wenye kura chache kuliko hizo, waliondoka na 72, maana kura zao zilijikusanya kwenye majimbo fulani.

Wanaotaka mabadiliko wanasema viti vigawanywe kwa uwiano wa kura, karibu kama tunavyogawa viti maalumu vya wanawake hapa kwetu.

Vyama vya wafanyakazi vinaingiaje? Ndivyo vilivyosaidia kuianzisha Labour mwaka 1900. Mpaka leo, kwenye mkutano mkuu, nusu ya kura ni za matawi ya majimboni na nusu ni za vyama vya wafanyakazi na jumuiya nyingine shirika. Septemba 2021 mjini Brighton, karibu 80 katika kila kura 100 za matawi zilitaka uwiano. Vyama vya wafanyakazi, karibu vyote, vikakataa. Hoja ikaanguka. Hofu ya wapinzani wa uwiano ni kwamba Labour isingetawala tena bila serikali ya mseto.

Mwezi uliofuata Unite, kimojawapo cha vyama vikubwa zaidi, kikageuka. Juni 2022 Unison nacho kikageuka, na Septemba, mjini Liverpool, hoja ikapita.

Kulikuwa na hoja iliyowagusa wafanyakazi moja kwa moja. Mwaka 2015 Conservative walipata wingi wa viti kwa kura zisizofika 37 katika kila 100. Mwaka uliofuata wakapitisha sheria: mgomo haungekuwa halali kama nusu ya wanachama hawakupiga kura, na katika huduma muhimu za umma ilibidi 40 katika kila wanachama 100 wauunge mkono, wakiwemo ambao hawakupiga kura. Kwa maoni yangu hapo ndipo penye uchungu, kwa sababu serikali hiyo yenyewe isingekivuka kipimo hicho: ilichaguliwa na kama robo tu ya wapigakura walioandikishwa.

Hata hivyo, azimio la mkutano mkuu halimfungi kiongozi moja kwa moja. Keir Starmer alisema jambo hilo si kipaumbele. Ilani ya 2024 ikaahidi kura kwa vijana wa miaka 16, bila ahadi ya uwiano, na Labour ikaingia kwenye uchaguzi kwa mfumo uleule uliokipa chama hicho viti 411.