Gunia Ni Kilo Ngapi? Taasisi za Umma Ziandike Uzito

Kenya na Tanzania hutumia mfumo wa metriki, na kila nchi ina sheria yake ya vipimo: Sura ya 513 nchini Kenya na Sura ya 340 nchini Tanzania. Hata hivyo, mbao za bei sokoni na matangazo ya baadhi ya ofisi za umma bado hutaja "gunia" au "debe" bila kueleza uzito. Kwa anayevuka mpaka, upungufu huo ni hasara.

Hasara ya mfanyabiashara

Gunia la mahindi nchini Kenya huhesabiwa kuwa la kilo 90. Tanzania huhesabiwa kuwa la kilo 100. Tuchukue mfano wa tangazo la Kenya linalosema gunia ni shilingi 3,600. Hiyo ni shilingi 40 kwa kilo. Mfanyabiashara aliyevusha Namanga magunia 300 ya kilo 100, akayauza kwa bei hiyo ya gunia, atapata shilingi 1,080,000. Kwa kilo angepata 1,200,000. Amepoteza shilingi 120,000 za Kenya kwa neno moja.

Hasara ya msafirishaji

Magunia 300 ya kilo 90 ni tani 27. Ya kilo 100 ni tani 30. Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2013 inaweka kikomo cha tani 56 kwa gari pamoja na mzigo, na kila ekseli ina kikomo chake. Mizani haihesabu magunia. Tani 3 zisizotarajiwa zaweza kuzuia gari na kuleta tozo.

Debe na lumbesa

Debe hupima ujazo, takriban lita 18, wala si uzito. Debe la maharage na debe la alizeti hayalingani kwa kilo. Lumbesa nayo haina kipimo kabisa. Kwa viazi, kanuni za Kenya za mwaka 2019 ziliweka kikomo cha kilo 50 kwa gunia.

Vipimo vya kukumbuka

- Ratili 1: kilo 0.454
- Galoni 1 ya Uingereza: lita 4.55
- Galoni 1 ya Marekani: lita 3.79
- Maili 1: kilomita 1.61
- Ekari 1: hekta 0.405
- Kontena la futi 20: mita 6.1

Ombi kwa taasisi

Si lazima neno gunia lifutwe. Inatosha kuandika "gunia (kilo 90)" na kuongeza bei ya kilo moja. Wafanyabiashara wanaweza kupeleka ombi hilo kwa halmashauri, ofisi ya soko au ofisi ya vipimo kupitia vyama vyao, wakiambatanisha nakala ya tangazo lenye utata.

Kwa sasa, kabla ya kupatana bei, uliza gunia ni kilo ngapi, na uandike jumla ya kilo kwenye stakabadhi.