Haki ya Jina: Habari za Alice Ball, Mwanakemia

Wahenga walisema: Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Methali hii hutumika sana katika mambo ya mali na mamlaka, lakini leo, ewe msomaji, ningependa uitazame katika mambo ya elimu. Wataalamu nao wana mali yao, nayo si fedha wala shamba; ni maarifa waliyoyavumbua na kuyaandika. Ada yao ni hii: mtu atumiapo uvumbuzi wa mwenzake, humtaja kwa jina katika maandishi yake. Mwaka wa 1964, Eugene Garfield wa mji wa Philadelphia, Marekani, alianza kuchapisha faharasa ya marejeo hayo, na tangu hapo imekuwa rahisi kuhesabu makala fulani imetajwa na nyingine mara ngapi. Siku hizi hesabu hiyo hutumika hata kupima heshima ya mtaalamu. Je, kipimo hicho chatosha? Zisome kwanza habari hizi, kisha uamue mwenyewe.

Alice Ball alizaliwa Seattle, Marekani, mwaka wa 1892, katika jamaa ya Wamarekani weusi. Alisoma kemia ya madawa na ufamasia katika Chuo Kikuu cha Washington, na mwaka wa 1914 jina lake lilitokea pamoja na la mwalimu wake, William Dehn, katika jarida la Chama cha Kemia cha Marekani. Baadaye alivuka bahari akaenda visiwa vya Hawaii. Huko, mwaka wa 1915, alipata shahada ya uzamili, akiwa mwanamke wa kwanza na Mmarekani mweusi wa kwanza kuipata katika Chuo cha Hawaii, kisha akafundisha kemia chuoni humo. Utafiti wake ulihusu kava, mmea ambao watu wa visiwa vya Pasifiki hutengenezea kinywaji. Kazi yake ilikuwa kuchambua mmoja mmoja vitu vilivyomo ndani ya mmea huo.

Wakati huo ukoma ulikuwa msiba mkubwa katika Hawaii. Tangu mwaka wa 1866 wagonjwa walikuwa wakichukuliwa kwa nguvu ya sheria na kupelekwa katika kisiwa cha Molokai, mahali palipozungukwa na bahari upande mmoja na majabali marefu upande wa pili. Mume alitengwa na mkewe, na mtoto na mama yake. Hata sheria hiyo ilipokomeshwa mwaka wa 1969, watu wapatao 8,000 walikuwa wamekwisha kupelekwa huko, na wengi wao hawakurudi tena makwao.

Dawa iliyotumainiwa ilikuwa mafuta ya mbegu za mti wa chaulmugra, yaliyotumika kwa muda mrefu katika nchi za Asia. Lakini mafuta hayo yalikuwa na taabu zake. Mgonjwa akiyanywa, yalimchafua roho akayatapika. Akidungwa kwa sindano, yalikuwa mazito mno, yakakaa chini ya ngozi na kufanya vivimbe vyenye maumivu badala ya kuenea mwilini. Daktari Harry Hollmann wa Hospitali ya Kalihi, mjini Honolulu, alimwomba Alice Ball amsaidie.

Naye alifumbua fumbo lile akiwa na umri wa miaka 23 tu. Alizitenga asidi zilizomo katika mafuta hayo, akaziunganisha na alkoholi, zikawa vitu ambavyo wanakemia huviita esta za ethili. Vitu hivi ni vyepesi kuliko mafuta yenyewe, na mwili waweza kuvipokea kwa sindano. Kwa njia hiyo, kitu kilichokuwa adhabu kwa mgonjwa kikawa dawa inayovumilika.

Lakini mauti hayangoji. Alice Ball alifariki tarehe 31 Desemba, 1916, mwenye umri wa miaka 24, kabla ya kuchapisha uvumbuzi huo. Arthur Dean, mwanakemia aliyekuwa mkuu wa Chuo cha Hawaii, aliiendeleza kazi hiyo, akatengeneza dawa kwa wingi na kuandika makala juu yake, wala hakumtaja binti yule. Watu wakaiita njia ya Dean. Miaka michache baadaye wagonjwa 78 wa Kalihi waliruhusiwa kurudi kwao, na sifa zikamwendea asiyestahili kuzichukua zote.

Mtu mmoja hakunyamaza. Mwaka wa 1922 Hollmann aliandika makala akaiita waziwazi njia ya Ball, akaeleza kuwa haoni lolote katika mabadiliko yaliyofuata lililoizidi njia ile ya asili. Hata hivyo sauti yake haikufika mbali. Ilipita miaka mingi kabla wachunguzi wa Hawaii hawajafukua kumbukumbu za chuo na kuudhihirisha ukweli. Mwaka wa 2000 Chuo Kikuu cha Hawaii kiliweka bamba lenye jina lake penye mti wa chaulmugra, na mwaka wa 2007 kilimtunukia nishani.

Tusizidishe sifa. Dawa hiyo haikuwaponya wote, na wengine ugonjwa uliwarudia. Tangu miaka ya 1940 dawa nyingine bora zaidi zilichukua nafasi yake. Walakini kwa zaidi ya miaka 20 hapakuwa na tiba iliyoipita.

Sasa rudi kwenye swali letu. Ukimpima Alice Ball kwa idadi ya makala zake na mara alizotajwa, utamwona mdogo. Kosa si la hesabu, kwa kuwa hesabu huhesabu kilichoandikwa tu. Jina lililoachwa makusudi haliwezi kuhesabiwa. Kipimo hicho chote kimesimama juu ya uaminifu wa yule aishikaye kalamu. Nawe, mwanafunzi, umeishika kalamu hiyo. Utumiapo wazo la mwenzako katika insha yako, hata akiwa ni yule mnayekaa dawati moja, mtaje. Hutapungukiwa na kitu, naye atakuwa amepata haki yake angali hai.